Jembe, Raba na Sahani

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Moshi hujaa raba. Wakimbiaji hutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na ng'ambo kuja kwenye Kilimanjaro Marathon. Nyumba za wageni hujaa, na asubuhi ya Jumapili viwanja vya Chuo Kikuu cha Ushirika hufurika watu wenye namba vifuani. Asubuhi hiyohiyo, huko chini kwenye tambarare ya Kahe, mtu ameshaingia shambani tangu giza halijaondoka vizuri. Amefungulia maji ya mfereji, amezibua palipoziba, sasa ameinama kwenye jaruba la mpunga na hatanyanyuka kwa saa kadhaa. Hana namba kifuani wala saa ya kuhesabu mapigo ya moyo.

Katika tafiti zinazolinganisha wanamichezo na wasio wanamichezo, mtu huyu ataandikwa safu ipi?

Tafiti hizo ni nyingi, na nyingi kati yake hufanyika vyuoni. Mtafiti huchukua kundi la wanafunzi wanaocheza mpira, kuogelea au kukimbia, kisha huchukua kundi la wenzao wasiofanya mazoezi. Huwauliza wamekula nini jana na juzi, huwapima mafuta na misuli, na huwatoa damu kutafuta dalili za kile ambacho wataalamu hukiita msongo wa oksidi. Mwishoni hutokea majedwali mawili yanayotazamana. Kwa kawaida wanamichezo huonekana na mafuta machache mwilini na misuli mingi, jambo ambalo halimshangazi mtu. Mlo wao mara nyingine ni bora kuliko wa wenzao na mara nyingine ni ovyo vilevile. Majibu ya damu ndiyo yenye utata, na nitayarudia.

Shida ya mpangilio huo ni kwamba "asiye mwanamichezo" wa vyuo vya Ulaya au Marekani ni mtu anayekaa kitini kutwa. Ukilichukua neno hilo ukalileta Kahe, litamkumba mkulima wa mpunga, fundi mwashi, kijana anayepakia miwa, na mama anayebeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni. Wote hao hawachezi mchezo wowote. Kwa upande mwingine, karani wa mjini anayekimbia Jumamosi moja moja na kushinda ofisini siku tano ataingia safu ya wanamichezo kwa sababu tu ana raba na fulana ya mbio.

Tuanze na hiyo oksidi, maana ndiyo inayouza vidonge vingi mjini. Oksijeni tunayovuta huishia ndani ya seli, kwenye vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambako hutumika kutoa nguvu iliyomo kwenye chakula. Katika shughuli hiyo, na katika shughuli nyingine za seli zikiwemo zile za kinga, huzaliwa molekuli korofi ziitwazo radikali huru. Hizi zimepungukiwa elektroni, nazo huichomoa popote zitakapoipata: kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye vinasaba. Mwili una njia zake za kuzituliza, kuanzia vimeng'enya unavyovitengeneza wenyewe hadi vitamini C, vitamini E na kemikali nyingine za mimea tunazozipata kwa kula. Radikali huru zikizidi uwezo wa kuzituliza, ndipo panaposemwa kuna msongo wa oksidi. Ni kemia ya ukoo mmoja na ile inayolitia kutu bati la nyumba. Ukidumu kwa miaka, msongo huo huenda sambamba na uvimbe wa chinichini usioonekana kwa macho, na pamoja hutajwa katika kisukari, magonjwa ya moyo na baadhi ya saratani.

Mwaka 1978 watafiti nchini Marekani waliwapima watu waliokuwa wakiendesha baiskeli ya mazoezi, wakakuta kwenye pumzi yao gesi ya penteni, ambayo hutokea mafuta ya mwili yanaposhambuliwa na radikali huru. Miaka minne baadaye, Kelvin Davies na wenzake walionyesha kwamba misuli ya panya waliokimbizwa hadi kuchoka kabisa ilikuwa na radikali huru nyingi kuliko ya panya waliopumzika. Kwa muda mrefu habari hizo zilisomwa kwa namna moja tu: mazoezi makali yanazalisha sumu, kwa hiyo mwanamichezo anahitaji dawa ya kuondoa sumu.

Usomaji huo ulikuwa wa haraka mno. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake, wakifanya kazi Ujerumani, waliwafanyisha mazoezi vijana wa kiume 39 kwa wiki nne. Baadhi yao walipewa kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E kwa kipimo kikubwa, na wengine hawakupewa. Waliofanya mazoezi bila vidonge, miili yao iliongeza uwezo wa kutumia insulini na ikaongeza vimeng'enya vyake vya kutuliza radikali huru. Kwa waliomeza vidonge, sehemu kubwa ya faida hiyo haikuonekana. Radikali huru zinazozaliwa wakati wa mazoezi, kumbe, ndizo zinazouambia mwili ujijenge. Ukizizima kabla hazijafikisha ujumbe, umekimbia kilomita zako na nusu ya malipo umeiacha njiani.

Hapo ndipo majibu ya damu yenye utata yanapoanza kueleweka. Ukimpima mwanariadha dakika chache baada ya mbio, damu yake itaonyesha msongo mkubwa kuliko wa mtu aliyekaa. Ukimpima siku amepumzika, utakuta vimeng'enya vyake vya ulinzi viko juu na hali yake ni tulivu. Ukimpima katikati ya wiki ambazo anajifua kupita kiasi huku hali vya kutosha wala halali vya kutosha, utapata jibu la tatu. Namba moja iliyochukuliwa siku moja haisemi mengi, na mtu anayekuuzia kidonge kwa kutumia namba hiyo anakuuzia hofu.

Sasa sahani. Na kwa habari ya sahani, Moshi haina haja ya kuazima mifano, kwa sababu kazi nzito kabisa ya miaka ya karibuni imefanyika hapahapa. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kilimanjaro na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Nijmegen, Uholanzi, walichunguza damu ya Watanzania 323 wenye afya njema, baadhi wakiishi mjini na baadhi vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Seli za kinga za watu wa mjini zilikuwa zimekaa kishari zaidi: zilitoa kwa wingi kemikali za uvimbe zilipochokozwa. Damu ya watu wa vijijini ilikuwa na kemikali nyingi zaidi zinazotoka kwenye mimea, jamii ya flavonoidi, ikiwemo ile iitwayo apijenini. Wote walikuwa wazima na wote walikuwa wa mkoa uleule. Kilichoonekana kuwatenganisha, kwa sehemu kubwa, kilikuwa chungu cha nyumbani.

Lakini kulinganisha watu wa sehemu mbili hakuthibitishi kisababishi. Watu wa mjini wanalala tofauti, wanatembea tofauti, wanavuta moshi wa magari. Kwa hiyo kundi hilohilo la watafiti, wakiwemo Godfrey Temba na Quirijn de Mast, lilifanya jambo la ujasiri: likawabadilishia watu sahani. Wanaume 77 wenye afya njema waligawanywa. Waliozoea chakula cha asili walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu, cha kukaangwa na cha viwandani. Waliozoea chakula cha mjini wakapewa cha asili chenye ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa. Kundi jingine lilipewa mbege kila siku kwa wiki moja, na wanaume kumi wakaachwa waendelee na mlo wao wa kawaida ili pawe na cha kulinganishia.

Ripoti ilitoka Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine. Waliohamia chakula cha kizungu waliongezeka uzito, protini za uvimbe zikapanda katika damu yao, na seli zao za kinga zikawa hafifu katika kuvikabili vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili uvimbe ulishuka, na waliokunywa mbege vilevile. Baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio kwisha.

Wiki mbili! Ni muda ambao mkimbiaji wa mjini hujipa wa kula anachotaka baada ya marathoni, akiamini ameshalipa.

Hapa ndipo ninapoona hoja ya mwanamichezo na asiye mwanamichezo inayumba. Katika jaribio la Moshi hakuna aliyeambiwa akimbie. Mlo peke yake, kwa wanaume walewale, uliisogeza damu kuelekea ugonjwa au kuirudisha kwenye utulivu. Mtafiti anayewapanga watu kwa raba zao bila kuchungulia sahani anaweza kuipa michezo sifa ya kazi iliyofanywa na maharage, au akailaumu michezo kwa kosa la mafuta ya chipsi.

Mafuta hayo yanastahili maneno mawili. Mafuta ya mimea yakichemshwa tena na tena kwenye karai lilelile, asubuhi mandazi, mchana samaki, jioni chipsi, huvunjika kwa kuungana na oksijeni na kutoa kemikali ziitwazo aldehaidi. Yaani msongo wa oksidi huanzia karaini kabla chakula hakijafika mdomoni. Kijana anayetoka mazoezini Majengo au Pasua, hapa Moshi, na kupitia kibandani kupata chipsi mayai na soda hafanyi dhambi. Ana njaa, na chakula hicho ni cha haraka na kinashibisha. Ila akimaliza hapo na kwenda kununua vidonge vya kuondoa sumu, mtu angemshauri kwanza aulize mafuta yale yamebadilishwa lini.

Sahani ya asili ya ukanda huu si siri wala si ya kifahari. Mlimani ipo mtori, machalari, kiburu cha ndizi na maharage, kitawa chenye maziwa, pamoja na mnafu wenye uchungu wake. Huku chini Kahe, ambako maji ya mlima hutokeza kwenye chemchemi na kugawanywa kwa mifereji, upo wali, ugali wa mahindi, ndizi, kunde, bamia, matembele na mchicha, na samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu kwa aliye na hela siku hiyo. Mbege yenyewe hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na kutiwa uchungu wa gome la msesewe. Uchachu na nyuzinyuzi zake ndivyo vinavyodhaniwa kuufaa utumbo na wadudu wema wanaoishi humo. Ni pombe pia, tusisahau. Aliyelisikia jaribio la Moshi kwa sikio moja ataligeuza kibali cha kushinda kilabuni, na mpimaji wa damu hatakuwepo kumwokoa asubuhi.

Nisieleweke kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Kahe ilikuwa, na kwa kiasi bado ni, nchi ya malaria. Watu wa mlimani waliiogopa tambarare kwa sababu hiyo. Kazi ngumu bila chakula cha kufaa ni mauti, na historia ya hapa inalijua hilo. Machi 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Kahe, karibu na reli ya Tanga. Nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi Waafrika waliobeba risasi na unga. Katika vita ile nzima ya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wengine walikuwa watu wa nchi za ndizi waliolishwa unga wa mahindi usioiva, wakaharisha hadi kufa. Kwa kutembea na kubeba mizigo, wale walikuwa wanamichezo kupita yeyote aliyewahi kushuka uwanjani.

Wapagazi wapo hata leo, wengi wao vijana wa mkoa huu, wakipandisha mizigo ya watalii kuelekea Kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Kanuni inataka mzigo usizidi kilo 20. Huko juu oksijeni katika kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani, na upungufu wa oksijeni, kinyume na mtu anavyotarajia, nao huongeza radikali huru. Mgeni anayeongozana nao amejiandaa kwa miezi, ana vitafunwa vya kila aina mfukoni, na akishuka hupewa cheti. Mpagazi hushuka akisubiri zamu nyingine, na mlo wake kambini ni ugali na kilichopatikana cha kuusindikizia. Kama kuna watu ambao ningependa damu yao ipimwe na sahani yao itazamwe, ni hawa.

Kuhusu ugali wenyewe, wanariadha wetu wa kweli hawana aibu nao. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake, akiwemo Mike Boit aliyekuwa mpinzani wa Mtanzania Filbert Bayi katika mbio za kati, walichapisha uchunguzi wa wakimbiaji kumi mahiri wa Kenya waliopimiwa kila walichokula kwa siku saba. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitokana na wanga. Ugali peke yake ulichangia karibu robo, na sukari, nyingi ikiwa kwenye chai, ilichangia karibu sehemu moja ya tano. Walikuwa wakitumia nguvu nyingi kuliko waliyoila. Ukiichukua chai ileile yenye sukari ileile ukampa mtu aliyekaa kwenye benchi la duka tangu asubuhi, hadithi ni nyingine. Mkimbiaji ameiteketeza kabla ya chakula cha mchana. Huyu wa benchi ataibeba kiunoni. Mtanzania Alphonce Simbu alipochukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 15, 2025, alimaliza kwa saa 2:09:48 na kumshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Ushindi mwembamba kiasi hicho huwafanya watu watafute siri. Siri nyingi za namna hiyo zikifuatiliwa huishia kwenye kilomita za asubuhi, usingizi, na chungu kisicho na jina la kigeni.

Kuna jambo moja linalowavuruga wanaodhani mwili wa shamba huwa mwembamba kwa sababu tu ya kazi. Wahadza wa Ziwa Eyasi, magharibi ya hapa, hufanya shughuli za kuhema kwa zaidi ya saa mbili kila siku. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo walivyovipata kwa maji yaliyotiwa alama maalumu, wakakuta kwamba jumla ya nguvu ambayo Wahadza hutumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haipishani na ya watu wa Marekani na Ulaya. Huenda mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi kwingineko. Maana yake kwa mkimbiaji wa Jumamosi haipendezi: kilomita kumi hazifuti karai la chipsi. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, kwa sukari ya damu, kwa usingizi na kwa akili, lakini kiuno husikiliza zaidi sahani.

Wala mizani haitoshi kukupa habari za kiuno. Uwiano wa uzito na urefu, ule unaoandikwa kwenye kadi za kliniki, hautofautishi misuli na mafuta. Mbeba mizigo wa soko la Mbuyuni anaweza kuandikwa mnene kwa kipimo hicho huku tumbo lake likiwa bapa, na karani mwembamba wa mikono akaandikwa wa kawaida huku mafuta yamemzunguka ini. Utepe wa fundi cherehani ukizungushwa kiunoni unasema ukweli zaidi kwa gharama ndogo. Mashine za umeme hafifu zinazopima mafuta mwilini zipo, lakini hubadili jibu mtu akiwa na kiu, na Kahe wakati wa jua la Januari kila aliyetoka shambani ana kiu.

Kinachonikera katika kazi zote hizi nzuri ni kimoja. Jaribio la kubadilisha sahani la Moshi lilikuwa la wanaume watupu, na wakimbiaji wa Onywera vivyo hivyo, kama walivyokuwa vijana wa Ristow. Anayepika chakula kinachosifiwa, anayechuma mnafu, anayepanda mpunga kwa mkono na kuupalilia, kwa sehemu kubwa ni mwanamke. Mwili wake hupoteza madini ya chuma kila mwezi, hubeba mimba, hunyonyesha, na mara nyingi hula mwisho baada ya wote kupakuliwa. Kwa wanariadha wanawake, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikwishaipa jina mwaka 2014 hali ya kula pungufu ya kazi inayofanywa: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, kinga hushuka. Hakuna sababu ya kudhani kwamba hali hiyo huchagua waliovaa raba. Chumba cha kutolea damu kikihamishiwa Kahe msimu wa kupandikiza mpunga, foleni ianzie kwa kina mama, tena kabla hawajaenda kupika.